Wimbo Ukibaki, Unabaki kwa Nani?

Ntimaru,
11 Februari 1996

Kwa mtoto wa kaka yangu, Terry,

Pokea salamu za watu wote wa hapa. Je, kile kikohozi cha upepo wa ziwa kimekuachia? Sisi tu wazima, ila goti langu la kulia limekataa vilima. Anayeandika ni mkamwana wangu Filister, maana macho yangu unayajua.

Terry, nina swali. Alikuja bwana mmoja wa chama cha watunzi kutoka Nairobi. Amesema nyimbo zangu, zile tulizorekodi studio ya Migori, zimeandikishwa kwa jina langu, na redio ikizipiga natakiwa kulipwa. Hilo nililielewa. Akaongeza kwamba hata nikifa zitaendelea kulipa miaka hamsini. Hapo nikamwambia arudie.

Ng'ombe wangu wakibaki, najua wanabaki kwa nani. Wimbo je? Shemeji yangu Maroa, ndugu wa marehemu mume wangu, alikuwa amekaa papo hapo. Akasema, "Nyumba isiyo na mtoto wa kiume, vitu vyake ni vyangu." Filister akatoka nje kupepeta wimbi.

Wewe unapiga taipu kwa wakili. Niulizie.

Shangazi yako,
Nyangi


Homa Bay,
26 Februari 1996

Shangazi mpendwa,

Nimefurahi kusikia kutoka kwako. Kikohozi kimekwisha. Hilo goti umelikanda kwa maji ya moto?

Nilimsomea wakili Momanyi barua yako. Alikuwa amesimama aende kortini, akaketi tena. Anasema wimbo ni mali kama shamba, na hayo malipo yanaitwa mirabaha. Usipoandika wosia, korti ndiyo itakayogawa. Ukiandika, unamtaja umtakaye.

Akaniuliza, "Watoto wake ni akina nani?" Nikamweleza kwamba hukujaliwa mtoto, na Mzee Muniko alipofariki ukatoa ng'ombe wa mahari ukamleta Filister awe mkamwana wa nyumba yenu, kama mke wa mwana ambaye hukumzaa, na kwamba wasichana wake wawili kwa mila ni wa Muniko. Nilidhani atacheka. Akasema, "Hata kwetu Kisii mambo hayo yapo. Lakini hakimu atakayeketi siku hiyo sijui kama atayaelewa. Mwambie aandike."

Wanahitajika mashahidi wawili. Mmoja nitakuwa mimi, ukikubali. Na wakili anauliza: nyimbo zote umezitunga peke yako?

Mtoto wa kaka yako,
Terry


Ntimaru,
17 Machi 1996

Mwanangu Terry,

Habari za huko? Huku mvua imeanza na goti linajua kabla ya mawingu.

Swali la wakili limeleta ugomvi nyumbani. Ule wimbo unaopigwa zaidi redioni, kiitikio chake ni cha Filister. Tulikuwa tunapalilia, nikakwama, naye akanijibu bila hata kuinua uso. Sasa hivi anakataa kuandika haya. Nimemwambia aandike au nimwite Mwalimu Javan.

(Dada Terry, ni maneno manne tu. Ni mimi Filister.)

Usimsikilize. Watu wanacheza kwa hayo maneno manne.

Nataka nyimbo zangu zibaki kwake na kwa wasichana wake. Ila ule niliokuimbia ulipomaliza shule Asumbi, huo ni wako. Andika hivyo.

Shangazi yako,
Nyangi


Homa Bay,
2 Aprili 1996

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mvua haijawazidi. Nilisoma ile sehemu ya wimbo wangu nikiwa nimesimama posta, nikairudia. Asante.

Lakini sasa siwezi kuwa shahidi. Wakili anasema anayepewa kitu katika wosia asiushuhudie, asije akakipoteza.

Kuhusu kiitikio, anasema hicho Filister hakirithi, ni chake tangu siku ile shambani. Jina lake liandikwe Nairobi pamoja na lako. Hapo nami nikapata wasiwasi. Akishakuwa na chake, halafu aondoke akaolewe kwingine, wewe utabaki na nani? Nashauri tuweke sharti: apate nyimbo zako kama tu atakaa bomani kwako.

Mtoto wa kaka yako,
Terry


Ntimaru,
12 Mei 1996

Terry,

U mzima? Mwandiko huu ni wa Mwalimu Javan. Filister hayupo.

Yeye Filister ndiye aliyenisomea barua yako. Alipofika penye sharti alinyamaza, nami nikadhani wino umefifia. Nikamwambia, "Soma." Akasoma mpaka mwisho, mpaka jina lako. Asubuhi aliwachukua wasichana akaenda kwao Isebania. Mlangoni alisema, "Miaka yote hii nimekaa bila sharti."

Mimi nilikuuliza wimbo unabaki kwa nani. Sikukuuliza nimfunge mtu vipi. Niletee karatasi isiyo na sharti.

Shangazi yako,
Nyangi


Homa Bay,
20 Mei 1996

Shangazi,

Nakusalimu kwa aibu. Niliandika kana kwamba anayekusomea hana masikio. Filister nimemwandikia barua yake mwenyewe, nimeituma Isebania.

Wosia ni huu, bila sharti. Utie alama ya kidole mbele ya mashahidi wote wawili, na wasiwe watu wa kupewa kitu. Tafadhali nijibu, hata kama ni mstari mmoja.

Mtoto wa kaka yako,
Terry


Ntimaru,
4 Agosti 1996

Mwanangu Terry,

Salamu nyingi. Najua umengoja. Hilo goti nililiburuta hadi Isebania, likanilaza wiki kadhaa.

Mkamwana akirudi kwao, lazima mwanamume wa boma aende kuongea. Nilimwomba Maroa. Akasema, "Niende kumrudisha anayeninyang'anya?" Nikamwambia, "Nahitaji na shahidi pia. Lakini ukishuhudia hupati kitu. Chagua."

Akataka asomewe wosia kwanza. Mwalimu Javan alisoma. Alipofika kwenye wimbo niliomlilia Muniko, Maroa akamzuia.

"Huo wa ndugu yangu unakwenda kwa nani?"

"Kwa wasichana. Ndio wanaoitwa kwa jina lake."

Akavua kofia. Kisha akauliza kama siku yake ya kufa ikifika, wimbo huo utaweza kuimbwa kwenye mazishi yake pia. Nikamwambia akawaombe wenyewe.

Na aliwaomba, Terry, pale uani kwa baba yake Filister, mzee mzima amechuchumaa mbele ya watoto. Yule mdogo akamwambia, "Imba kwanza tukusikie." Akaimba. Sauti yake ni mbaya sana, lakini maneno yote anayajua. Wasichana wakasema sawa. Ndipo nikatia kidole, Maroa akatia sahihi, na Javan naye.

Filister hakurudi nasi siku ile. Sikumsihi. Jina lake lilishakwenda Nairobi na karatasi ilishatiwa kidole. Akitaka kukaa kwao, akae, nyimbo ni zake. Nilimwambia hivyo nikapanda gari.

Juzi nilikuwa nimelala nikasikia mtu anapepeta wimbi nje. Ndiye anayeandika barua hii. Nimemuuliza kwa nini amerudi, akacheka. Nikauliza tena, akaniambia nilale. Ukija Desemba muulize wewe, maana kweli nataka kujua.

Shangazi yako,
Nyangi