Pesa Zako Zilizolala Chumbani kwa Mkweo

Mwanangu Wekesa,

Najua habari umeshazipata, maana siku hizi habari zako zote hupitia Kitale kwanza, halafu makombo ndiyo yanaletwa huku kwetu Bungoma. Hata hivyo nakuandikia, tena naandika wazi, asome anayetaka. Mkeo Shiro asome, na mama yake avae miwani yake asome pia. Wewe uko huko Qatar unalinda mlango wa watu, na umesikia upande mmoja tu. Huu hapa ni upande wa mama yako.

Siku ile Shiro alinipigia akilia. "Mama, polisi wameingia kwa mathe, wamebeba pesa za Wekesa." Nilikuwa nje napepeta maharagwe. Nikauliza, "Pesa gani za Wekesa?" Hapo ndipo alipotoboa yote. Kumbe muda wote huu umekuwa ukituma pesa za kununua ploti ya kujenga kule Ndalu, na Mama Shiro anazitoa kwa simu na kuzifungia kwenye sanduku chini ya kitanda chake, ati zikibaki kwa simu zitaliwa kidogo kidogo. Si benki. Si kwangu. Kwa mkweo!

Niliweka ungo chini. Watu wangeniona wangedhani nasikitikia zile pesa. Haki, si pesa. Ulikuwa wivu, na sitaupamba.

Unakumbuka siku tulipoenda kwao kuposa? Mama Shiro alitoka jikoni akijifuta maji, akanyoosha mkono akusalimie. Wewe ukaificha mikono nyuma na kuangalia viatu, kwa sababu nilikufundisha mwenyewe kwamba Mbukusu hamshiki mama mkwe mkono, wala haingii kwake ovyo, na chumba anacholala hata kukitupia jicho ni mwiko. Mama wa watu akashangaa. "Kwani huyu kijana ananiogopa?" Ikabidi nimweleze mila zetu, naye akacheka mpaka akashika kiuno. Siku hiyo nilijivuna, bana. Nilimwambia shangazi yako, ona kijana wangu alivyolelewa.

Sasa nijibu. Wewe mwenyewe huwezi kukanyaga kizingiti cha chumba kile, lakini jasho lako limelala humo miezi na miezi. Chumba changu, ambamo ulilala ukiwa na surua, ukakitapikia na kukikojolea, kilikukosea nini?

Ulipokuwa mdogo hapa Bokoli uliuza mapera kando ya barabara. Jioni unaniletea zile shilingi zikiwa na joto la mkono wako. "Mama, niwekee." Nazifunga kwenye pindo la leso, kiunoni, nawe unalipapasa lile fundo, ukishaona zipo unakwenda zako kucheza. Hukuwahi kuniuliza kama leso yangu iko salama. Hukujua kwamba kuna wanawake wengine duniani wenye masanduku.

Acha nikueleze ilivyokuwa, usije ukasimuliwa kwa mapambo. Wale askari walifika kwa Mama Shiro wakitafuta chang'aa. Kuna mtu alikuwa amemchongea kwamba anapika pombe, yeye anayeuza viazi sokoni na kuimba kwenye kwaya. Walikuwa na waranti, kile kibali cha korti cha kupekua, na ilitaja nyumba yake, ikataja pombe na mitungi ya kuipikia. Pombe hawakupata hata ya kulowesha ulimi. Wakapata sanduku. Wakasema muuza viazi hawezi kuwa na pesa kama hizi, lazima ni za pombe, wakazibeba. Mama Shiro akasimama mlangoni na mwili wake wote ule, akakataa kupisha mpaka waandike kile wanachochukua, watie sahihi, na jirani atie pia.

Kila anayenisimulia anamsifu. Mama jasiri, mama simba. Nami natikisa kichwa huku moyoni nasema, kumbe hata askari wanajua kwa kwenda. Nyumba yangu haijawahi kupekuliwa, hakuna aliyewahi kufikiria kwamba kuna kitu ndani. Unaona nilipofikia, Wekesa? Namwonea mtu kijicho kwa kuvunjiwa sanduku na polisi!

Basi nikaamka mapema, nikaenda kwa chifu, akaniandikia barua kwamba mimi ndiye mama mzazi wa Wekesa. Nikafika nayo Kitale, moja kwa moja mpaka stesheni ya polisi. Nikawaambia pesa ni za mwanangu, mwanangu yuko nje, kwa hivyo nipewe mimi. Askari wa kaunta akaipokea kwa heshima, akaitia kwenye faili. Nilitoka pale nimevimba. Kwa Mama Shiro sikupita hata kusalimia. Nilidhani kuwa mama yako kunatosha.

Wiki haikuisha, wakili wa Mama Shiro akanipigia. Msichana mdogo, sauti ya upole. "Mama, umetufungia njia." Akanieleza polepole kama mtu anayemlisha mtoto uji. Polisi wamechunguza, hawana mtu wa kumshtaki. Waranti ilikuwa ya pombe, na pombe haikuwepo. Mahali ambapo hakuna kesi, kitu kilichobebwa kwenye msako hurudishwa mikononi kilikotoka, na hakimu ndiye anayetoa amri. Yeye wakili alikuwa ameshapeleka ombi, na upande wa polisi haukuwa na neno. Lakini sasa kuna mdai wa pili mwenye barua ya chifu, na korti haiwezi kumpa mmoja kabla ya kuwasikiliza wote wawili. Hiyo ni miezi. Na mwenye ploti ya Ndalu amesema mwezi ukiisha anamuuzia mwingine.

Nikamuuliza, "Kwani sheria haimjui mama?"

"Inamjua, Mama. Ila inauliza kwanza zilichukuliwa mikononi mwa nani."

Nilimkatia simu. Nikasema potelea mbali, zikae huko stesheni, ploti na iende, tukose wote. Naam, nilisema hivyo, tena kwa sauti, jikoni, kuku ndio mashahidi. Afadhali zikae kwa serikali kuliko kurudi chini ya kile kitanda.

Halafu jirani akaja kuniomba pesa ya dawa, nikampa. Baba yako mdogo akaja na shida yake ya karo, nikampa iliyobaki, nikakosa ya sukari. Nikakaa nikijitazama. Mwanangu, najua kwa nini hukuniwekesha mimi. Zile pesa zingekuwa hapa zingeshatibu kijiji kizima na kusomesha nusu ya ukoo, maana mimi mtu akiniangalia kwa macho ya shida siwezi kusema hapana. Mama Shiro akisema hapana, unarudi ulikotoka. Ulichagua vizuri, na hapo ndipo panaponiuma zaidi. Ungekuwa umerogwa ningejua pa kukupeleka.

Wakili aliomba tusikilizwe kabla mwezi haujaisha, akakubaliwa. Siku ya korti nilivaa ile gauni ya samawati uliyonitumia Krismasi, ili Mama Shiro aione. Yeye alikuwa na mpya. Sikuuliza imetoka wapi.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo. Alisoma barua ya chifu, akaniangalia juu ya miwani. "Mama, hizi pesa uliziona lini mara ya mwisho?"

"Sijawahi kuziona, mheshimiwa."

"Ulijua zimewekwa wapi?"

"Sikujua."

"Mwanao aliwahi kukuambia anaziweka?"

Watu kwenye viti wakaanza kuguna na kucheka chini chini. Ningeweza kudanganya. Neno la ndiyo lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikamtazama Mama Shiro, nikadhani nitamkuta anatabasamu, kumbe ameinamisha kichwa, anafinyafinya mkoba wake, anaona aibu kwa ajili yangu. Woi, heri angecheka. Nikasema, "Hakuniambia."

Hakimu akasema taratibu, "Basi nataka nisikie kutoka kwako mwenyewe ili niandike. Una dai lolote juu ya hizi pesa?"

Mimi niliyekubeba mgongoni mpaka Webuye ukiwa na homa, ninaulizwa mbele ya watu kama nina dai lolote juu ya kitu chako. Nikafikiria ile ploti. Nikakuona umesimama mlangoni kwa wenyewe, kwenye jua lile mnaloambiwa lisiwazuie kazi. Nikasema, "Sina." Akataka niseme kwa sauti. "Sina dai lolote, mheshimiwa." Karani akaandika. Hakimu akaamuru zirudishwe mikononi zilikotoka, kwa Mama Shiro, zote, kama zilivyoandikwa siku ya msako.

Nje Mama Shiro alinifuata mbio mbio. "Mama Wekesa, twende tukunywe chai."

"Nimeshiba," nikamwambia, na tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni.

"Si uje tu basi, hata kama ni ya kunitazama nikikunywa."

Nikaenda. Nikanywa, na chapati nikala. Ananitilia sukari bila kuniuliza ni vijiko vingapi, na anapatia, maana ulishamwambia. Hata hilo! Akanihakikishia kwamba keshokutwa wanaenda Ndalu kulipa, akaniomba twende pamoja. Nikamwambia nitaangalia kama miguu itanikubalia. Nitaenda, lakini si lazima ajue mapema.

Sasa ploti ni kama unayo. Jenga utakavyo, uelekeze mlango utakako. Mimi bado nina wivu, na usijisumbue kuniambia niuache. Nipigie Jumapili kabla hujapiga Kitale, hata kama ni kuniambia umeamka, basi.

Na jambo moja nataka ulijue, kwa sababu yule karani hakuliandika. Hakimu aliniuliza juu ya pesa tu, na juu ya pesa nikamjibu ukweli. Juu yako hakuniuliza. Angeniuliza kama nina dai, Wekesa, wangenitoa pale kortini kwa kunibeba.

Lala salama huko uliko, ukiamka unywe maji mengi.

Ni mimi mama yako, yule wa kukuzaa.