Raba za Breki Nilizokutumia

Bungoma,
Jumanne, 13 Agosti 2024
Asubuhi ya mawingu, manyunyu tangu saa kumi na mbili, upepo hakuna.

Mpendwa Mjomba,

Nakusalimu wewe na Aunti Rahab. Kifua kinaendeleaje tangu baridi ya Julai? Huku Mama hajambo, anakusalimia sana. Mimi mwili ni mzima.

Najua sikio lako halielewani na simu, kwa hiyo nimeitia barua hii kwenye sanduku letu la spea, lile tunalotumiana kwa matatu, kama kawaida, ila leo sanduku halina spea. Huenda umeshasikia. Tulipata ajali Jumamosi.

Kikundi chetu cha magari ya zamani kilipanda mlimani, njia ya msituni juu ya Endebess, magari sita. Mimi nilikuwa na Landrova yetu. Kupanda kulikwenda vizuri. Wakati wa kushuka mvua ilikuwa imelowesha udongo, na kwenye kona moja mbaya Mwalimu Gichuki aliteremka kwenye gari lake akaja mbele yangu kunielekeza kwa mikono niweke magurudumu wapi. Tumefanya hivyo mara nyingi. Dereva hatazami njia, anatazama mikono ya mwenzake. Aliinua mkono wa kushoto, nikakata kushoto. Akanionyesha viganja vyote viwili nisimame. Nikakanyaga klachi na breki, na mguu wa breki ukazama mpaka sakafuni kana kwamba hapakuwa na kitu. Nilipoifikia handibreki nilikuwa nimechelewa. Bampa ilimbana Gichuki kwenye ukingo wa udongo. Mguu umevunjika mahali pawili. Amelazwa hapo Kitale, na daktari anasema atatembea.

Watu walikuja mbio. Ngige, yule anayefunga bampa za chuma na taa za juu, ndiye aliyeuliza kwanza: "Ati breki za hii gari zilifungwa na nani?"

Nikasema, mjomba wangu, Bethwel Wakoli. Nikasema na tarehe, 29 Juni, kwa sababu imo kwenye shajara yangu. Wote wakatazamana. Ni kweli ulizifunga wewe, lakini tangu siku hiyo jina lako halitoki masikioni mwangu, vile nilivyolitaja upesi.

Ni mimi mpwa wako,
Nangila


Kitale,
16/8/2024

Mpwa wangu Nangila,

Salamu nyingi. Mwambie dada yangu kifua kimepoa. Rahab amekwenda kwa wakwe zetu, atarudi Jumatatu.

Wewe mtoto ni wa ajabu. Hata barua ya ajali umeandika manyunyu yalianza saa ngapi. Nilicheka kidogo, halafu sikuendelea kucheka.

Wamekuja. Mwenyekiti wenu, Chelangat, alikuja Jumatano kuchukua gari lake, kwa heshima kabisa, akasema ameamua kulipumzisha. Alhamisi akaja Ngige. La kwake lilikuwa halina milango wala kiti cha dereva, nilikuwa nimelifungua lote. Hakusubiri. Alilifunga kamba akalivuta hivyo hivyo, milango imelazwa ndani. Akaniambia kwa sauti mpaka jirani akasikia, "Mzee, si upumzike sasa bana. Umetengeneza ya kutosha."

Nataka kujua nilikosea wapi. Usiniogope, jibu kama unavyoandika kwenye shajara. Siku za kabla ya ajali breki ilikuwa inakanyagika vipi, laini au ngumu? Magurudumu yalikuwa yanapata joto? Uliongeza chochote kwenye kikopo cha mafuta ya breki? Na Ngige alipokufungia ile stiaringi ya pawa niliyokukataza, aligusa bomba la breki?

Fungua silinda kubwa ya breki unitumie raba zake. Raba husema. Nikiziona nitajua.

Mjomba wako,
Bethwel


Bungoma,
Jumatano, 21 Agosti 2024
Jua tangu asubuhi. Umande mwingi.

Mpendwa Mjomba,

Nakusalimu. Natumaini Aunti Rahab amerudi salama. Sisi hatujambo.

Raba ulizoomba zimo ndani ya sanduku, kwenye karatasi. Breki ilikuwa ya kawaida. Sikuona joto. Sikuongeza kitu. Ngige hakugusa bomba.

Jumapili nilimtembelea Mwalimu Gichuki, nilimpelekea maziwa ya mtindi. Anakula vizuri.

Nina kazi nyingi ofisini, nisamehe kwa ufupi.

Mpwa wako,
Nangila


Kitale,
2/9/2024

Mpwa wangu Nangila,

Salamu. Mimi na Rahab tu wazima. Amerudi na ndizi za kutosha kulisha shule.

Raba zilifika. Niliziosha, nikazitandaza juu ya kitambaa cheupe mahali penye jua, nikazitazama kwa miwani na bila miwani. Hazina mkwaruzo, na midomo yake imesimama. Raba ni nzima, mafuta hukuongeza, Ngige hakugusa kitu. Basi aliyebaki ni mimi.

Nimejipima. Nilichukua bomba la zamani nikafunga nati yake kama ninavyofunga siku zote, nikamwita Kipkirui aje ajaribu kwa spana. Unamkumbuka Kipkirui, yule niliyemfundisha, sasa ana gereji yake barabara ya Endebess. Akasema iko sawa. Lakini Kipkirui ananipenda. Nikamwambia ajaribu tena, akasema, "Baba, iko sawa, uniache nirudi kazini." Sikumwamini.

Nilikwenda hospitalini kwa Mwalimu Gichuki nikamwomba msamaha. Alinishika mkono akasema ni bahati mbaya tu. Ingekuwa afadhali anitukane. Pia nimemwandikia Chelangat barua aiweke kwenye faili ya kikundi, kwamba kosa ni la fundi na wewe usilaumiwe. Hilo lisikusumbue tena.

Nafunga gereji. Kipkirui atakuja na pikapu Jumamosi tarehe 14 achukue vifaa vyote. Winchi, jeki, mashine ya kuchomelea, spana za inchi zote. Rahab amefurahi, anasema sasa nitaonja chai ikiwa moto. Miaka arobaini na mmoja si haba. Ninachoshukuru ni kwamba Landrova ile ya Malakisi tuliitoa pamoja kwenye banda la kuku tukaipa uhai, wewe na mimi.

Usihuzunike, mama.

Mjomba wako,
Bethwel


Bungoma,
Jumanne, 10 Septemba 2024
Ukungu mpaka saa mbili, kisha jua hafifu.

Mpendwa Mjomba,

Nakusalimu, wewe na Aunti Rahab. Barua yako nilikuwa nayo tangu Jumatano iliyopita, na kila siku nimekaa kukujibu nikashindwa.

Raba nilizokutumia si zile zilizokuwa kwenye gari.

Zilizokuwa kwenye gari zimo ndani ya sanduku hili, kwenye kikopo cha bati. Utakapozishika utaelewa kabla ya kumaliza kusoma. Zimevimba zimekuwa laini kama uyoga. Nilizokutumia kwanza nilizitoa kwenye pakiti mpya, nikazipaka mafuta machafu, nikazisugua kwa vumbi la uani ili zionekane zimefanya kazi. Nilifanya hivyo nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, Mama akipita akaniuliza natengeneza nini, nikasema nasafisha.

Nakuandikia yaliyo kwenye shajara, bila kubadilisha. Jumamosi, 3 Agosti: "Nimeongeza mafuta ya breki, vijiko vitatu." Jumanne, 6 Agosti: "Breki imekuwa ngumu. Nzuri." Alhamisi, 8 Agosti: "Magurudumu ya mbele yana joto baada ya safari ya Bokoli. Muulize Mjomba." Sikukuuliza, kwa sababu ungeniambia nisiende Jumamosi.

Siku ya ajali sikujua. Naomba uniamini kwa hilo tu. Nilipotaja jina lako mlimani nilikuwa naamini ninachosema. Lakini barua yako ilipofika, ukiniuliza kama niliongeza chochote, nilikwenda bandani Jumapili kutazama mkebe wa mafuta ya breki. Ulikuwa haujafunguliwa. Karatasi ya ndani ya mdomo ilikuwa bado imebana. Basi nilimimina nini? Pembeni palikuwa na chupa ya oili ya stiaringi, ile aliyonigawia Ngige aliponifungia stiaringi ya pawa, chupa haina maandishi, imepungua. Ulinifundisha mwenyewe kwamba oili ya namna hiyo ikigusa raba za breki huziharibu. Ulinifundisha mwaka wa kwanza kabisa, tukiwa bado tunatoa vinyesi vya kuku kwenye injini.

Nilisimama hapo bandani. Ningeweza kumpigia Aunti Rahab simu siku hiyo hiyo akakuambia. Badala yake nilikwenda kutafuta raba mpya.

Nilifikiri ukiona raba nzima utasema haijulikani, ajali ni ajali, na mambo yatapoa. Sikufikiri utajihukumu. Hapana, si kweli, nilifikiri kidogo. Nilifikiri wewe ni mzee, unaheshimiwa, utaweza kubeba, na mimi ndio kwanza wananiita dereva, mwanamke peke yangu kwenye kikundi ukimtoa Chelangat. Nilipima hivyo. Sasa kila nikisoma mahali ulipoandika nisilaumiwe, uso unawaka hata nikiwa peke yangu chumbani.

Tafadhali usimpe Kipkirui vifaa. Mikono yako haina kosa lolote.

Naomba msamaha.

Nangila
(Siwezi kujiandika mpwa wako leo.)


Kitale,
13/9/2024

Nangila,

Hatujambo.

Nimeziona. Nilijua kabla ya kuzitoa kwenye kikopo, harufu ilitosha.

Nakuambia jambo moja. Zile za kwanza, nilipozishika, niliona hazina alama ya silinda kwenye midomo. Raba iliyokaa kwenye kazi wiki sita huwa na alama. Niliona, na nikajiambia ni macho yangu yamechoka, kwa kuwa zimetoka kwa Nangila na Nangila haandiki uongo. Umenifanya nisiyaamini macho yangu. Wiki tatu nimekuwa nikishika kikombe cha chai kwa mikono miwili nikiitazama kama inatetemeka. Kumimina oili mbaya ningekucheka, hata mimi nimewahi. Hili la pili siwezi kulisamehe leo, na sitasema nimesamehe ili barua iishe vizuri.

Msamaha usiniombe kwenye sanduku la spea. Mlikuwa watu kumi na tisa mlimani uliponitaja. Jumamosi tarehe 21 kikundi kinakutana uwanjani hapa Kitale. Waambie hao, kwa mdomo. Kipkirui nimemwambia asubiri mpaka siku hiyo ipite.

Rahab anakusalimu. Nimemsomea barua yako yote. Amelia.

Bethwel Wakoli


Bungoma,
Jumapili, 22 Septemba 2024
Mvua kubwa saa kumi na moja alfajiri, ikakatika. Baridi.

Mpendwa Mjomba,

Nakusalimu wewe na Aunti Rahab. Sijui kama utaisoma, lakini nakueleza ili usisikie kwa wengine tu.

Nilikwenda. Landrova iko chini ya turubai, sitaiendesha. Nilifika uwanjani saa nne, wakiwa wameegesha magari kwa mstari na kufungua boneti kama kawaida, watu wanachungulia injini za wenzao na kutaniana. Mwalimu Gichuki alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, magongo yameegemea gari la Chelangat. Nilimwomba Chelangat nafasi ya kusema. Akapiga honi, watu wakasogea.

Nilisema yote, hata ya vumbi la uani. Sikutumia maneno ya kujipunguzia.

Ngige ndiye aliyeanza. "Si wewe ndio Madam Shajara? Kila kitu tarehe, kila kitu saa. Sasa hii hukuandika?"

Nikamwambia, "Niliandika."

"Uliandika halafu ukanyamaza?"

"Ndiyo."

Akafungua mdomo aendelee, Mwalimu Gichuki akamwambia, "Ngige, wewe ndiye uliyempa oili kwenye chupa haina jina. Kaa chini." Watu wakacheka kidogo, na mimi nilitamani wasicheke, kwa sababu ilikuwa kama kunifungulia mlango wa kutokea.

Chelangat hakucheka. Alikwenda kwenye gari akaleta faili, akatoa barua yako. "Isome wewe," akasema. "Tulisomewa mwanzoni mwa mwezi huu tukiwa hatujui. Isome tukijua."

Nilisoma. Nilifika mahali unaposema mikono yako haifai tena kuaminiwa na maisha ya mtu, nikaishusha karatasi. Nilifikiri wataniacha. Mwalimu Gichuki akasema, "Maliza." Nikamaliza, mpaka jina lako.

Kisha akaniita karibu. Akasema polepole, si kwa hasira, "Kila Jumapili uliniletea mtindi. Ulikaa kando ya kitanda ukanitazama usoni. Huyu mzee alikuja akapiga magoti kwenye sakafu ya wodi, na wewe jioni ile ulikuja ukaniuliza kama mtindi una sukari ya kutosha." Sikujua ulipiga magoti, Mjomba. Hukuniandikia hivyo. "Usiniletee tena," akasema. Nikasema ndiyo, Mwalimu.

Wameniondoa kwenye orodha ya madereva. Walipiga kura kwa kuinua mikono na mimi niliinua wangu. Halafu Chelangat akawaambia waliotoa magari kwako wanajua njia ya kuyarudisha. Nilipoondoka Ngige alikuwa anatafuta kamba.

Nilipita kwako. Ilikuwa saa tisa na nusu. Lango lilikuwa wazi, na uani palikuwa na gari la Chelangat, limeinuliwa kwa jeki, na chini yake nikaona viatu vyako, visigino juu ya kile kipande cha katoni. Ulikuwa unagonga kitu. Kipkirui hakuwepo, pikapu haikuwepo, vifaa vilikuwa ukutani. Nilisimama langoni. Mtu aliye chini ya gari huona miguu tu, na viatu vyangu unavijua, wewe ndiye uliyeninunulia. Nyundo ilinyamaza. Nilihesabu mpaka ishirini. Kisha ikaanza tena, na hukutoka, na mimi sikubisha.

Aunti Rahab aliniona kutoka jikoni akainua mkono. Nikainua wangu, nikaenda zangu.

Sikungoji uandike. Nilifika nyumbani saa moja jioni, nikamweleza Mama kila kitu kabla ya kuvua koti. Alinipakulia chakula akakaa nami mpaka kikapoa. Nililala saa saba na dakika kumi usiku.

Mpwa wako, ukikubali,
Nangila