Gari la Bwana Niko

Jumatatu, 15 Agosti 1955
Nazi za mbata zimekauka vizuri, zimetiwa magunia. Nimeyapanga ghalani mwenyewe. Adhuhuri amekuja Mzee Kondo, mwenyekiti wa chama chetu cha wakulima wa nazi. Chama kitanunua gari lililotumika. Livute tela la mbata hadi Dar es Salaam. Magurudumu yote manne yavute, lisishindwe na matope. Siku zisizo na mzigo lichukue wagonjwa, na mganga wa zahanati azunguke nalo vijijini. Mimi nichague. Nilikuwa dereva wa jeshi kule Burma, na hapa Kerege hakuna mwingine anayejua magari.

Nimekubali. Angeniambia nichimbe kisima ningekubali vilevile.

Mke wangu Zuhura ana miezi minne kaburini. Leo sikuhisi kitu.

Jumatano, 17 Agosti
Dar es Salaam. Gereji moja ya Kariakoo, gari aina ya jipu, la zamani la jeshi. Rangi mbichi ya kijani, imepakwa hadi chini. Nimelala chali nikaingia uvunguni. Chesisi, uti wa mgongo wa gari, imechomelewa mahali pawili, karibu na ndoano ya tela. Nimegonga kwa spana. Mlio wa debe. Likivuta mzigo mzito litakatika.

Mwenye gereji anasema gari halina kasoro. Nimekunywa chai yake. Nimerudi.

Jumamosi, 20 Agosti
Mzee Kondo amesikia habari za gari jingine. Landrova ya Bwana Niko, Mgiriki, msimamizi wa shamba la mkonge. Anarudi kwao, anauza kila kitu. Mzee alinitazama usoni alipotaja jina. Nimesema nitakwenda kuliona.

Nalijua gari hilo. Mwezi wa Aprili Zuhura alishikwa na uchungu, mtoto akakataa kutoka. Nilikimbia kwa Bwana Niko kumwomba gari la kumpeleka hospitali Bagamoyo. Alitoka barazani. Akasema njia mbovu, gari litakwama. Akaingia ndani. Tukamlaza Zuhura kwenye mkokoteni, mimi na Shabani, kaka yake. Tulisukuma tangu asubuhi. Alasiri magurudumu yakazama bondeni, karibu kabisa na mji. Akafia pale. Mtoto tumboni.

Nimeandika haya kama ninavyoandika hesabu ya magunia.

Jumanne, 23 Agosti
Bwana Niko hakunikumbuka. Amenipa mkono.

Nimekagua injini, breki, springi, gia. Chesisi nzima, kutu kidogo tu. Nimeliingiza kwenye mchanga wa bonde lile la Aprili na tela lililojaa mkonge nyuma. Limevuta bila kulalamika. Gari zuri. Sijaona zuri kama hili tangu jeshini.

Bwana Niko akalipigapiga boneti. "Masika yote limepita hapa," akasema. "Halijakwama hata siku moja."

Nikasema, "Naam, bwana."

Nikaitazama mikono yangu. Ilikuwa na grisi, nikaifuta.

Jumatano, 24 Agosti
Sikwenda ghalani. Nimekaa.

Alhamisi, 25 Agosti
Shabani amekuja. Hakukaa kitini. Amesema, "Shemeji, ukilichukua gari la mtu yule, mimi na wewe basi."

Nikamweleza lile jipu la mjini lilivyo. Akasema, "Waambie ni zima. Nani atajua?"

Kweli, hakuna atakayejua. Chini ya gari nimeingia peke yangu. Wataniamini.

Nimewaza hilo kutwa nzima. Naona haya kwamba nimeliwaza. Likikatika, litakatika na mtu ndani.

Ijumaa, 26 Agosti
Kikao cha chama baada ya sala. Nimesema: jipu la mjini chesisi yake mbovu, la Bwana Niko zima. Sikuongeza neno.

Mzee Kondo akauliza, "Mwanangu, una hakika?"

"Gari zima, Mzee."

Shabani akainuka akatoka. Amesahau makubazi yake mlangoni. Hakurudi kuyachukua.

Jumatatu, 5 Septemba
Nimelileta gari. Wanawake walipiga vigelegele. Niliwasikia kama walio kijiji cha pili. Kiti kinanuka tumbaku ya Bwana Niko. Nimekisugua kwa sabuni mara mbili. Bado kinanuka.

Alhamisi, 6 Oktoba
Dar es Salaam na tela, mara ya nne. Kwenda na kurudi. Hakuna jipya. Shabani tulikutana njiani, akatazama mashambani.

Jumanne, 15 Novemba
Mvua tangu alfajiri. Wameniita Mapinga. Mwanamke aitwaye Mwanaidi, uchungu wa siku mbili. Nimefungua tela nikaliacha. Mama yake alimpakata nyuma, akisoma dua.

Pale bondeni maji yalifika kwenye ekseli. Nimetia gia nzito, magurudumu yote manne. Sikusimama. Limepita.

Hospitali muuguzi akaniuliza, "Wewe ndiye mume?"

"Hapana. Dereva tu."

Mtoto wa kike, kabla ya adhuhuri. Wote wawili wazima. Mama yake Mwanaidi alinishika mikono yote miwili, nikasema alhamdulillahi. Kisha nikarudi kukaa garini.

Kutoka bondeni hadi mlango wa hospitali ni kitambo kidogo mno. Hata kikombe cha chai hakipoi. Sikujua kama kwa gari ni karibu hivyo. Nimemchukia Bwana Niko leo, kwa mara ya kwanza. Nimemchukia kweli. Nilipiga usukani ngumi mpaka muuguzi akachungulia dirishani.

Ijumaa, 18 Novemba
Baada ya sala nilikuwa naosha gari. Shabani akaja akasimama upande wa pili.

"Umepita pale?"

"Nimepita."

"Na maji yale?"

"Na maji yale."

Akayatazama magurudumu. Kisha akaomba kitambaa, akaanza kufuta matope kwenye milango. Alifuta polepole, kila pembe.

Dada yangu akatuletea wali na mchuzi wa papa. Tukala kibarazani, sahani moja. Chumvi imezidi. Nimemwambia Shabani chumvi imezidi. Akasema kweli, imezidi. Tukamaliza.