Hongo ya Daraja

Jumanne, siku ya baraza

Leo nimewashinda wote kwa maneno. Bwana Shauri, mzungu wa wilaya, alisema serikali haina fedha za daraja la mto wetu, na malori ya tumbaku yanapangana ukingoni kama ng'ombe. Mzee mmoja akataka kodi ya kichwa iongezwe. Mwingine akataka pombe itozwe. Wajinga!

Nikasimama. Nikawaambia mimi nimebeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, na kila mtemi njiani alitutoza hongo, ushuru wa kupita nchini kwake. "Basi anayevuka alipe, kwenda na kurudi, hata mwenye miguu mitupu!"

Wakapiga makofi. Mwanangwa, mkuu wa kijiji, akasema, "Mzee, wewe ungekuwa gavana." Kweli kabisa. Karani akaandika.

Nyumbani mke wangu akaniuliza, "Baba Kulwa, mizinga yetu ya nyuki iko ng'ambo ipi?"

Nikamega ugali.

Msimu wa asali navuka kila siku. Na magoti haya, maji ya baridi...

Lakini nilichosema nimesema. Daraja likiisha kujengwa, wao wapite juu walipe. Mimi nitavua nguo nipite chini yake, asali kichwani.