Mama na Fomu ya 1996

Palak, nyanya amemwanika mama leo mbele ya wageni. Mama, balozi mzima, amejifunika uso na leso.

Ni 1996, Keumbu, mama anajaza fomu ya chuo. Nyanya yuko jikoni. Okemwa, mume wa dada yake mama, yuko sebuleni, anamshauri ajaze ubalozi. Kwetu mkwe hakai chumba kimoja na mama mkwe, kwa hivyo mama ndiye anabeba maneno.

Nyanya: "Mwambie ubalozi ni kuzurura. Wewe utasomea ualimu."

Mama akafika sebuleni: "Mama anashukuru kwa ushauri."

ANASHUKURU, Palak.

Okemwa: "Mwambie amepitwa na wakati."

Mama jikoni: "Anasema uamuzi ni wako."

Sasa leo nyanya: "Nilisikia yote ukutani. Nikaona anayedanganya kwa adabu hivyo asipewe darasa. Nikamwambia ajaze ubalozi."