Nguo Zako Bado Mbichi, Kaka

Kaka yangu mpendwa,

Baba mdogo alikuja tena juzi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye kamba ya nguo. Mashati yako yote yalikuwa pale, yanachuruzika maji.

"Binti, hizi nguo unazifua kila siku, anazivaa nani?"

Nikamwambia zimeshika ukungu sandukuni. Hakuniamini. Aliondoka hata uji hajaumaliza.

Ngoja nikueleze yanayoendelea hapa Ngara. Tangu ulipofuata lile lori la mzigo ukavuka daraja la Rusumo kuelekea Kongo, hatujasikia sauti yako. Simu haipatikani. Sasa ukoo umekaa na kuamua tukuhesabu umekufa, na nguo zako zigawiwe ndugu kama desturi ilivyo. Kuzinyoosha nimepewa mimi. Nguo ya marehemu haitolewi ikiwa na makunyanzi, watu watasema hakuwa na mtu. Ndivyo wanavyokuita siku hizi, marehemu. Wakisema hivyo mama anatazama chini, wala hawakatazi.

Unakumbuka zile alfajiri zako za kazi ya forodha? Mimi napuliza mkaa ndani ya pasi, wewe umesimama na singlendi unanihimiza kama tajiri. Nakata jani bichi la mgomba, nafutia pasi masizi, harufu inajaa nyumba nzima. Halafu maji mdomoni, pfuu, juu ya shati jeupe. Nawe unautazama mkono wangu tu.

"Ole wako uniwekee mistari miwili kwenye mkono wa shati. Kule mpakani hawaangalii sura, wanaangalia kola."

Na kwa sura ile, kaka, ilikuwa bahati yako.

Nilikuwa napenda ile hatua ya mwisho kuliko zote. Shati lina joto, limetulia, nakushikia ulivae taratibu kola isivunjike. Ukitoka mlangoni majirani wanageuka, nami najisikia nimetoka na wewe. Sijawahi kunyoosha nguo ya mtu ambaye haendi popote. Ndiyo maana pasi inanishinda. Nikilipitishia pasi shati lako mara hii, nitakuwa nimekubali, na mimi sijakubali.

Kwa hiyo nafua. Nikisikia wazee wanakuja, naloweka. Masika imenisaidia sana, mvua inashuka mchana kutwa na hakuna kinachokauka. Wanakuta nguo mbichi, wanaguna, wanapanga siku nyingine. Mama ameshanigundua. Jana nilimkuta karibu na kamba na ndoo ya maji, analimwagia shati lako la Jumapili lililokuwa limeanza kukauka.

Lakini naogopa, kaka. Kola zinachakaa kwa sabuni, na vifungo viwili vimeng'oka. Usiku najiuliza kama nakulinda au nakumaliza kwa mikono yangu.

Kama uko mahali, tuma neno, hata kwa dereva yeyote anayepita Rusumo. Leo nimeamka nikakuta mbingu nyeupe, mvua hakuna. Nimeloweka asubuhi. Kufika saa sita, mashati yote yalikuwa yamekauka.

Mkaa nimeununua. Sijauwasha.

Ni mimi mdogo wako, mwenye pasi yako.