Ngazi ya Pili Inachukua Wanane

Baba yangu,

Shikamoo. Hukunilea nianze barua bila salamu, kwa hiyo ipokee, hata kama marahaba yako haitanifikia. Nakuandikia nikiwa huku mlimani, kwenye nyumba ya mama, juu ya ile meza uliyoiunda mwenyewe, yenye misumari mingi kuliko mbao. Kuna neno moja nililokuambia mbele za watu nikiwa na miaka kumi na sita. Wengine wataisoma barua hii kabla yako, na waisome tu. Neno lenyewe nililisema hadharani.

Unakumbuka zile Jumapili baada ya misa? Ulikuwa msaidizi wa maabara katika sekondari moja pale chini mjini. Kwa karatasi, kazi yako ilikuwa kuosha vyombo vya kioo na kutunza funguo. Lakini walimu wa fizikia walikuwa haba, na wewe ulikuwa na kitabu chako kimoja kisicho na jalada, ukakisoma mpaka kurasa zikawa laini kama kitambaa. Basi siku ambazo mwalimu hayupo uliingia darasani na koti lako lenye matundu ya asidi, ukafundisha. Na Jumapili, kwa kuwa hukujua kupumzika, ulitufundisha sisi.

Matuta ya ngazi yaliyo juu ya nyumba yetu yalichimbwa kwa amri ya mkoloni, na bibi, mama yake mama, aliyachukia mpaka anaingia kaburini. Wewe uliyapenda kwa sababu ya atomi. Ulisema nyumba ndiyo kiini, na ngazi zinazoizunguka ndiko zinakokaa elektroni. Ngazi ya kwanza, iliyo karibu na jiko, inachukua wawili tu, hata uwasukume vipi. Hapo walisimama mama na bibi, mama akicheka na kuficha uso kwa kanga, bibi akiuliza ataachiwa saa ngapi akaangalie maharage yake. Ngazi ya pili inachukua wanane. Hapo tulikuwa mimi, wadogo zangu Gaspari na Koleta, na watoto watano wa Mjomba Klementi. Ngazi ya tatu ukapanda wewe, peke yako.

Ukatuambia, "Wa kumi na moja ni mimi. Hii ndiyo sodiamu."

Ulikuwa na kipande cha sodiamu kidogo kama punje ya mtama, umekihifadhi ndani ya mafuta ya taa kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Mama alikuuliza kama umekiiba, ukajibu kwamba umekiazima na hakitarudi. Ukakitupia kwenye beseni la maji, kikakimbia juu ya maji kikitoa sauti kama mafuta ya moto, kikaisha. Koleta alilia. Ukamweleza kwamba yule wa nje hana ugomvi na mtu yeyote, ila wale kumi waliomtangulia wanamkinga, joto la jiko halimfikii sawasawa. Akiguswa kidogo tu anaondoka, na waliobaki wanatulia kuliko mwanzo.

Sikujua kwamba ulikuwa unatusimulia habari zako.

Ulipenda pia kusimulia kwa nini ngazi hizo zinaitwa K, L, M badala ya kuanzia A. Ulisema mtu aliyezipa majina alichelea kwamba huenda ndani zaidi kuna ngazi nyingine ambazo hajaziona, kwa hiyo akaacha herufi kumi nzima zikae wazi. Baadaye ikaonekana ndani hapakuwa na kitu. "Lakini aliacha nafasi," ulikuwa ukisema, kana kwamba unamsifu jirani aliyetengeneza njia ya watu wote. Mtu muungwana huacha nafasi, ulisema, hata kwa wale asiowajua.

Nilipofika kidato cha pili nilikuwa mwanafunzi kwenye shule yako hiyohiyo. Siku moja ulituandikia ubaoni namba saba: 2, 8, 20, 28, 50, 82, 126. Ulizisoma kama litania. Ukasema kitabu chako kinaziita namba za ajabu, kwa sababu hata kiini chenyewe si rundo la maharage. Protoni wana ngazi zao humo ndani, nyutroni wana zao, na ngazi zikijaa kiini kinakuwa imara. Mwalimu mpya mwenye shahada alikuwa amesimama mlangoni. Akacheka, akasema, "Mzee, ngazi ni za elektroni. Kiini ni tone tu." Darasa zima likacheka. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, nikacheka kuliko wote, ili asiwepo wa kukumbuka kwamba wewe ni baba yangu. Ukachukua kifutio, ukafuta namba moja moja kuanzia ile kubwa. Jioni tulipanda mlima pamoja kama kawaida, ukinibebea daftari.

Kisha ukaja ule wakati wa soko huria. Maduka ya mjini yalijaa sabuni za kila rangi, mitumba ikamwagwa barabarani, na viwanda vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine vikisubiri mnunuzi. Tulifurahia sabuni. Halafu waraka ukaja shuleni kwamba wafanyakazi wasio walimu wapunguzwe, na jina lako likasomwa la pili. Ulirudi nyumbani mchana, jambo ambalo hukuwahi kulifanya, umeshika koti lako limekunjwa vizuri. Mama akakuandalia chakula bila kuuliza. Kesho yake ulichukua jembe, ukapanda kwenye kabichi zake, na watu wa kijijini wakaanza kukuita mkwe badala ya mwalimu.

Mwaka haukuisha. Masika yalipoanza malaria ilimchukua mama kwa siku nne. Tulimzika kwenye makaburi ya ukoo wake, nyuma ya migomba, pale ambapo bibi alikuwa amemtangulia.

Ninayotaka kuyasema yanaanzia hapo.

Kwetu, wewe ulilijua hili tangu siku ya kuoa, watoto ni wa ukoo wa mama na shamba ni la ukoo wa mama. Mume ni mgeni wa mkewe. Mke akifa, mgeni huaga, akarudi kwa watu wake, isipokuwa watoto wenyewe waseme kwamba wanamtaka abaki. Siku mbili kabla ya kuanua tanga, Mjomba Klementi, kaka yake mama, alinifuata mtoni nilikokuwa nachota maji. Hakuwa mtu mbaya, Baba. Mpaka leo siwezi kumchukia, na ningependa sana kumchukia. Aliniambia kwamba mimi ndiye mwanamke mkubwa aliyebaki katika tumbo lile, kwa hiyo ukoo ni mimi. Akasema wewe huna kazi wala nguvu, kifua chako kinakohoa, na ukibaki utakula kwenye ngazi za Gaspari na Koleta. Akaahidi kwamba kabichi za shamba zitanimalizia shule. Nilitaka shule. Nilikuwa nimeshatangulia darasa zima kwa mambo uliyonifundisha wewe.

Siku ya kuanua tanga tuliketi uani. Mjomba akasema maneno ya kawaida ya kuaga mkwe, ukamsikiliza umeinamisha kichwa. Ukatania kidogo, ukasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na wewe umelishika jembe hilo miaka kumi na saba. Watu walicheka kwa heshima. Kisha mjomba akanigeukia, akaniuliza mbele ya wote kama sisi watoto tuna neno. Nikasema sisi tunabaki. Ndipo wewe, kwa sauti ile ya kuuliza mwanafunzi aliyesinzia, ukaniuliza, "Na mimi, Feli?"

Nikajibu, "Ngazi imejaa, Baba."

Hapana aliyeelewa pale isipokuwa wewe. Wengine walidhani nimesema kitu cha shuleni. Wewe uliitikia kwa kichwa taratibu, kama ulivyofanya kila nilipopatia jibu. Nimeishi na mwitikio ule wa kichwa muda wote huu. Afadhali ungenipiga.

Uliondoka na sanduku moja. Ulikwenda Gairo kwa dada yako, ukasaidia kupukuchua mahindi ya watu na kupepeta karanga, na vumbi lile likakumalizia kifua. Miaka miwili baadaye ulirudi Morogoro kutibiwa. Nilikuwa kidato cha tano, nikapewa ruhusa nikusindikize. Nilikukuta kwenye benchi la hospitali umevaa koti la maabara juu ya shati la mtumba, umekonda mpaka mabega yamechongoka. Nilikuamkia, ukaitikia kwa furaha kana kwamba tuliachana jana. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Tulikaa kwenye foleni ya eksirei tangu asubuhi. Na wewe, ungefanya nini kingine, ulianza kufundisha. Ukanieleza kwamba ndani ya mtambo ule elektroni zinarushwa kwa kasi mpaka zinagonga chuma, na moja ya ngazi ya kwanza, ile ya K, ya ndani kabisa, inang'olewa mahali pake. Nafasi ya ndani haikai wazi, ulisema. Wa ngazi ya juu anashuka kuiziba, na anaposhuka anatoa mwanga, na sehemu ya mwanga unaopita kifuani inatokana na kushuka huko. Ulikohoa, ukafuta mdomo kwa kitambaa, ukakikunja nisione kilichomo. Niliona.

Halafu ukasema, huku ukitazama mlango wa chumba cha eksirei, "Mama yako alipotoka ngazi ya kwanza, nilidhani ndivyo itakavyokuwa. Wa nje atashuka."

Hukusema kwa lawama. Ulisema kama mtu anayesahihisha hesabu yake mwenyewe. Hapo ndipo nilipotakiwa nikuombe msamaha. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, nakuapia. Mhudumu akaita jina lako, ukaingia, mlango ukafungwa.

Picha ilipotoka ukanipa mimi. Ulisema kule kwa shangazi kuna panya, watakula. Nilikupandisha basi la Gairo, na hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu ya mwisho. Taarifa ya kifo ilinikuta kwenye mtihani. Nilipofika walikuwa wameshakuzika siku mbili, pembeni mwa shamba la mahindi, kwa watu ambao wengi hawakujua kwamba ulikuwa mwalimu.

Chuo kikuu, Baba, mhadhiri alitundika namba saba ukutani. Zilikuwa zako, kwa mpangilio uleule. Kiini kina ngazi, na walioligundua jambo hilo walilichapisha kabla yule mwalimu mwenye shahada hajaanza shule ya msingi. Nilitoka ukumbini nikaketi kwenye ngazi za saruji, nikalia mpaka mwanafunzi mwenzangu akauliza nani amefariki. Nikamwambia baba. Akaniuliza lini, nikarudi ukumbini kuzinakili zile namba.

Siku hizi nafundisha fizikia kwenye sekondari moja njia ya Mzumbe. Shule niliimaliza, kwa kabichi, kama mjomba alivyoahidi. Gaspari alikwenda Dar es Salaam na harudi. Koleta ameolewa Mikese. Mjomba naye alikufa mwaka jana, na sasa neno la shamba hili liko mikononi mwangu. Jumamosi iliyopita nilipanda matuta yako. Nilisimama ngazi ya tatu, mahali pako, kwa mara ya kwanza maishani. Ukisimama pale unaona nyumba yote, moshi wa jiko, na visogo vya wote walio chini yako. Hakuna anayekutazama. Ulisimama pale kila Jumapili ukitufundisha, na sisi tumeelekea jikoni.

Nilishuka nikatoa ile picha ya eksirei kwenye bahasha yake, nikaielekeza dirishani. Mapafu yana mawingu kama Uluguru mwezi wa nne. Lakini mbavu zimetoka nyeupe, safi, zote. Ni kalsiamu, Baba, protoni ishirini na nyutroni ishirini, ngazi zimejaa pande zote mbili. Katika mwili wako wote hicho ndicho kilichokuwa imara, na kipo Gairo, kwenye udongo usiokuwa wa mtu wako.

Kwa hiyo leo asubuhi nimechukua jembe. Nyuma ya migomba, upande wa kushoto wa mama, pana nafasi ya mtu mmoja. Pamekuwa wazi tangu tulipomzika. Sikumwomba mtu ruhusa na sikumwita padri. Nimechimba mpaka kiunoni, nikaiviringisha picha ndani ya koti lako la maabara, lile ambalo shangazi alinitumia, nikailaza hapo, nikafukia. Ni mbavu zako tu, Baba, na ni za kwenye karatasi. Sina nyingine.

Mikono yangu bado ina udongo, utaona alama kwenye karatasi hii. Ngazi haikuwa imejaa. Nilijua siku ileile, nikiwa bado natamka.

Lala karibu na jiko.

Ni mimi binti yako mkubwa, wa ngazi ya pili.
Felista